Jinsi ya Kushindwa na Mbwa wa Kazi Bila Jirani Kugundua

Umeshamleta nyumbani, kwa hiyo tusipoteze muda kuulizana kwa nini. Uliona video ya mbwa aina ya Malinois akipanda ukuta, au ulimwona mbwa wa polisi ametulia kando ya askari wake, masikio juu, macho mbele, ukajiona wewe ndiye umeshika ile kamba. Sababu hiyo inatosha. Binadamu anapenda kuonekana anatiiwa, na tamaa hiyo itatusaidia humu mpaka mwisho.

Sasa ana miezi mitano. Kandambili za bafuni zimebaki za mguu mmoja mmoja. Shuka lililoanikwa asubuhi limekutwa limefukiwa nyuma ya banda la kuku. Ukirudi kazini anakupokea kwa meno kabla hujavua viatu.

Nikupe habari njema: huyu mbwa hutamshinda. Malinois ana jina la mji wa Malines, Ubelgiji, ambako mababu zake walichunga kondoo. Mwaka 1891 Profesa Adolphe Reul, wa chuo cha madaktari wa mifugo cha Cureghem, aliwakusanya mbwa wa wachungaji wa nchi hiyo ili awaainishe. Mwaka 1899, huko Ujerumani, Max von Stephanitz alimnunua mbwa aliyemwita Horand, akamwandikisha wa kwanza katika daftari la mbwa tunaowaita German Shepherd. Tangu hapo waliochaguliwa kuzaa ni wale wasiochoka, wanaokodolea macho kila kinachosogea, wanaokereka wakikosa la kufanya. Na wewe je? Umetoka ofisini saa kumi na moja, ukakaa kwenye foleni ya Ubungo hadi saa moja.

Basi shindwa. Ila shindwa kwa mpango, kwa sababu mbwa huyu akishinda kwa mpango wako, mtaa mzima utaapa kwamba wewe ndiye bwana wake.

1. Acha kumchosha

Ushauri wa kwanza utakaopewa ni kumkimbiza. Usiufuate. Ukimkimbiza kilomita tatu kila siku, baada ya mwezi mmoja utakuwa na mbwa wa kilomita sita, na kazi hiyo umeifanya kwa miguu yako mwenyewe. Tena mifupa yake bado inakua. Mpaka afikishe mwaka, na kwa mbwa mkubwa mwaka na nusu, usimrukishe kuta wala kumkimbiza kando ya pikipiki kwenye lami. Viungo vikiharibika sasa, atachechemea uzeeni.

Njia ya mkato iko puani. Pua ya mbwa inakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Yako ina milioni tano au sita. Chukua dagaa wake wa jioni, wale wakavu wasio na chumvi, watawanye kwenye nyasi, kisha vuta kiti uketi na chai yako.

Mtazame. Pua inashuka hadi kwenye udongo. Pumzi zinakuwa fupifupi, unazisikia ukiwa pale kitini. Anampita dagaa bila kumwona, anakwenda hatua mbili, halafu kichwa kinarudi nyuma kabla miguu haijapata habari. Anachambua nyasi kwa mdomo, anampata, anaendelea bila kukutazama. Robo saa ya kazi hiyo humtuliza mbwa kuliko mbio za nusu saa. Wewe umekunywa chai.

2. Mwajiri kabla hajajiajiri

Mbwa wa kazi asiyepewa kazi hakai bure. Atajiajiri. Atakuwa mfukuza bodaboda, mchunga kuku, mhamisha viatu, mkaguzi wa ndoo za taka. Kazi hizo atazifanya kwa bidii na bila likizo, na kumwachisha ni vigumu kuliko kumwajiri mapema.

Mpe ajira mbili au tatu ndogo. Akague ua pamoja nawe kila jioni akiwa kwenye kamba, mzunguko mmoja, njia ileile. Atafute kitambaa ulichokificha nyuma ya mtungi. Abebe kitu kutoka getini hadi barazani, hata kama ni chupa tupu ya maji. Usidharau chupa tupu. Anayebeba chupa kichwa juu hawezi wakati huohuo kumbeba kuku wa jirani.

Kisha lipa. Mshahara mzuri ni mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa bila kiungo chochote na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Ni bei ndogo buchani na mbwa anayapenda mno. Usilipe kwa chokoleti, wala chakula chenye vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Viwili vya kwanza ni sumu kwake, na mifupa hiyo huvunjika vijiti vinavyoweza kumchoma tumboni.

Ukiona aibu kumlipa mbwa, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mkufunzi anabonyeza kidude kinacholia tik, panya anapewa ndizi. Ndiyo siri yote. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alipelekwa Kambodia kutafuta mabomu, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Panya amepata medali kwa ndizi. Wewe weka fimbo chini.

3. Mwamrishe afanye anachofanya tayari

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote, na wakufunzi wa kulipwa wanaitumia kila siku.

Simama na bakuli la chakula mkononi. Usiseme neno. Ataruka, atazunguka, atabweka, kisha atachoka kukutazama akiwa amesimama na makalio yataanza kushuka. Subiri. Yakiwa yamebaki vidole vitatu kufika chini, sema "kaa" kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka. Yakigusa sakafu, weka bakuli chini papo hapo. Umeamuru, ametii. Hakuna haja ya kumweleza mtu yeyote nani alianza.

Fanya hivyo kila mlo. Baada ya siku chache neno lisogeze mbele kidogo, litangulie makalio kushuka. Baada ya wiki kadhaa neno peke yake litatosha. Jambo moja tu usilifanyie mzaha: muda. Malipo yafike ndani ya sekunde moja. Ukichelewa ukiwa unapekua mfuko, atakuwa ameshasimama, na wewe utakuwa umelipia kusimama.

Amri nyingine zivune vilevile. Akijilaza mwenyewe barazani, sema "lala" na umpe kipande. Akikutazama usoni wakati pikipiki inapita, lipa maradufu, maana hicho ndicho kitendo chenye thamani kubwa kuliko vyote atakavyofanya mwaka huu.

4. Usimwite kama huwezi kuweka dau

Neno "njoo" lina akiba yake. Kila ukilitamka akaja akapata kitu, akiba inaongezeka. Kila ukilitamka akakupuuza, inapungua, na majirani wanasikia. Kwa hiyo, kabla hujafungua mdomo, jiulize kama ungeweka dau la shilingi elfu kumi kwamba atakuja. Kama huweki, nyamaza. Mfuate kwa miguu, kama vile ulikuwa unaelekea huko tangu mwanzo.

Nunua kamba ya mita kumi, ile ya kawaida ya dukani, umfunge kwenye mkanda wa kifuani unapompeleka uwanjani. Atajiona huru, nawe utalala usingizi. Akikwama na harufu, usimvute. Geuka, kimbia upande wa pili huku ukipiga kelele za furaha. Mbwa wa wachungaji hawezi kuacha kitu kinachokimbia kiende peke yake. Atakufuata, na unapomwona amekaribia, hapo ndipo useme "njoo". Umeona? Ni ile hatua ya tatu tena.

Siku moja atatoroka, atafukuza kuku wa watu, atarudi baada ya dakika kumi na manyoya mdomoni. Utatamani kumchapa. Meza hasira, mpe kipande. Kitu cha mwisho alichofanya ni kurudi, na ukimchapa utakuwa umechapa kurudi. Kisha nenda kamlipe mwenye kuku, tena bila kusubiri aje kudai.

5. Kwa meno, mwite seremala

Kati ya mwezi wa nne na wa sita, meno ya utoto yanang'oka na ya ukubwani yanaota. Fizi zinamuwasha. Kila kitu kilicho chini ya goti lako anakijaribu. Unaweza kutumia miezi miwili kumfundisha kutofautisha kiatu chako na kiatu chake, au unaweza kumwita fundi seremala apigilie rafu ukutani. Rafu haihitaji kufundishwa. Viatu juu, rimoti juu, daftari za watoto juu. Wageni watasema nyumba yako ina utaratibu.

Mpe cha kutafuna badala ya hivyo: kitambaa kikuukuu kilichofungwa fundo, kikalowekwa na kugandishwa kwenye friza. Baridi inatuliza fizi. Kikianza kuchanika nyuzi, kitupe, asije akazimeza. Karoti ya baridi nayo inafaa.

Watoto wafundishe kitu kimoja tu: wakiumwa vidole, wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame wima, wakunje mikono, watazame pembeni. Anayekimbia huku analia ni kondoo mzuri sana. Aliyesimama kimya hana mchezo. Na usiwaache peke yao naye, hata kwa dakika ya kwenda kuzima jiko.

6. Kulala nako ni somo

Mbwa mchanga anahitaji kulala saa kumi na sita au zaidi kwa siku. Yule wa kazi hajui hilo. Saa mbili usiku, akiwa anazunguka sebule, anang'ata mapazia na kuruka makochi, utadhani nguvu zimemzidi. Amechoka. Akiendelea kuchezeshwa, atang'ata zaidi.

Tandika mkeka pembeni. Kila akiukanyaga, dondosha kipande. Akijilaza juu yake, dondosha viwili, taratibu, bila kelele. Akishaujua, beba mkeka huo popote: barazani, kwa rafiki, kwa daktari wa mifugo. Watu watastaajabu kuona mbwa anaingia nyumba ngeni na kulala. Wewe umebeba mkeka tu.

Mchana mpe banda lenye kivuli, maji na nafasi ya kugeuka. Usimfunge mnyororo kutwa nzima ukidhani anakuwa mkali wa kulinda. Mbwa wa namna hii aliyefungwa kutwa anakuwa mwenye hofu na hasira, na hofu haichagui mwizi na mgeni. Matembezi yawe alfajiri au baada ya magharibi. Kabla ya kumpitisha kwenye lami ya saa nane, weka kiganja chako juu yake kwa sekunde tano. Kama wewe huvumilii, nyayo zake hazivumilii.

7. Kanyaga kamba, mwamkie Mzee

Hatua hii inahusu heshima yako mtaani, basi isome mara mbili.

Huku kwetu pwani, jirani yako huenda ni mtu wa swala tano. Mbwa akimrukia mwenye kanzu njiani kuelekea msikitini, mate na kucha zake zinamrudisha mtu nyumbani kuosha na kubadilisha nguo, na swala ya jamaa inaweza kumpita. Usimwambie "hana neno huyo, anacheza tu". Kwake lipo neno, na haki yake ni kupita barabarani akiwa msafi. Tena mzee huyo anajua vizuri nafasi ya mbwa aliyefundishwa: aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundwa kuwinda. Anachodai kwako ni mafunzo.

Fanya hivi. Ukimwona anakuja, sogea pembeni ya njia na ukanyage kamba kwa kiatu, ikiwa imelegea kiasi cha mbwa kusimama lakini si kiasi cha kuruka. Miguu minne ikiwa chini, lipa. Lipa tena. Endelea kulipa mpaka apite.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mnyama siku hizi ana adabu."

"Ni kumzoesha tu, Mzee."

Kila neno hapo ni kweli. Kiatu chako kinaendelea kukanyaga.

Na akija mtu kukuambia kwamba kwa malipo kidogo atamfanya "mkali", kwa kumchokoza na gunia na kumpiga, mshukuru umfungulie geti atoke. Mwizi anatishwa na mbwa mkubwa anayebweka na kusimama wima. Hahitaji kuona meno yakitumika. Atakayeumwa ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira, na kesi itakuwa yako. Waulize wanaoijua kazi. Mbwa wa kunusa pembe za ndovu waliofundishwa Usa River, nje ya Arusha, na kupelekwa bandari ya Mombasa, wanafanya kazi katikati ya makuli, mizigo na kelele za winchi. Mbwa mwenye hasira hawezi kuimaliza hata zamu moja pale. Utulivu ndio unaotafutwa kwanza.

8. Akifika miezi minane, mfundishe upya

Utaamka asubuhi moja ukute mbwa wako hajui jina lake. "Kaa" anaisikia kwa mara ya kwanza maishani. Amebalehe. Hali hiyo inaweza kuendelea mpaka mwaka na nusu, na ndicho kipindi ambacho wengi huwauza mbwa wao au kuwapeleka shamba na kusahau.

Usiuze. Rudisha kamba ya mita kumi, rudisha mapafu ya ng'ombe, anza tena hatua ya tatu bila kinyongo. Jirani akikuuliza kwa nini mbwa mkubwa yuko kwenye kamba ndefu, mwambie mko kwenye mafunzo ya juu. Mko.

9. Sindano haina njia ya mkato

Hapa tu sikupi ujanja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila anayeugua anakufa, na wengi wa wanaoambukizwa wameumwa na mbwa. Chanjo yake apewe akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka na kadi itunzwe. Katika maeneo mengi hutolewa bure au kwa bei ndogo wakati wa kampeni, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Muulize bwana mifugo wa kata yako.

Chanjo za utotoni za parvo na distempa zianze akiwa na wiki sita hadi nane na ziendelee mpaka wiki ya kumi na sita. Kupe mkague kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Akikuzoea kumshika hapo akiwa mdogo, daktari hatahitaji watu wanne wa kumshikilia.

Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, wako au wa mtaani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo. Sio kesho.

10. Toa kamba

Ukifuata haya, kabla hajatimiza miaka miwili utakuwa na mbwa anayekaa, anayelala mkekani, anayerudi akiitwa na anayempisha Mzee njiani. Watu watakusifu. Pokea sifa zote, umezifanyia kazi.

Halafu kuna kitu utakitaka, na ni lazima ujinyime: utataka atii sauti yako peke yako. Inapendeza sana kusikia "huyu hamsikilizi mtu mwingine". Lakini katika nyumba ya watu sita, mbwa anayemsikiliza mtu mmoja ni hatari kila huyo mmoja akitoka. Siku utakapoitwa msibani Songea, geti litafunguliwa na mwingine, na chakula kitatolewa na mwingine.

Kwa hiyo wiki hii mpe kamba mwenza wako. Wiki ijayo mpe kijana wa kidato cha pili, kisha dada anayewasaidia kazi za nyumbani. Kila mmoja awe na vipande vya mapafu mfukoni, aseme maneno yaleyale, alipe kwa wakati. Wewe kaa mbali na usimsahihishe mtu mbele ya mbwa. Bibi akija kutembea kutoka kijijini, mpe naye vipande vitatu aseme "kaa". Mbwa akikaa, mafunzo yamekamilika. Bibi atawaambia watu ni yeye aliyemfundisha. Mkubalie.